Kahawa yangu wiki hii chachu, wiki ijayo chungu: niendelee kukaanga mwenyewe au niuze mashine?

"Shikamoo mtaalamu. Nina mgahawa mdogo wa kahawa hapa Kisasa, Dodoma, meza tano tu. Asubuhi wateja wangu ni watumishi wanaopita kabla ya kwenda Mtumba, jioni ni vijana wa mtaani. Mwaka jana nilinunua mashine ndogo ya kukaangia, ya gesi, pipa lake la kilo moja, nikaagiza gunia la arabika kutoka Mbozi kwa shilingi 14,000 kilo. Gunia nimeliweka stoo, chini ya bati. Nakaanga Jumamosi mchana kwenye baraza ya nyuma, mikupuo mitatu au minne, na kila mkupuo najaza kilo nzima. Shida yangu ni kwamba kahawa haitabiriki. Wiki hii chachu kama ukwaju na inaacha ukakasi mdomoni, wiki ijayo chungu na inanuka jivu, wakati rangi naiona ileile. Jamaa mmoja mzoefu aliniambia nikaange mpaka iwe nyeusi na ing'ae mafuta, eti ndiyo kahawa kali. Nimefanya hivyo, wateja wawili wa kila siku wamehamia kwingine. Nikitumia kahawa niliyokaanga siku hiyohiyo kwenye mashine ya espreso, linatoka povu tupu. Mama jirani naye analalamika moshi unaingia chumbani kwa mtoto wake. Mume wangu anasema niuze mashine nirudi kununua iliyokaangwa. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Umenirahisishia kazi, maana umetaja kila kitu: saa unayokaanga, mahali, kiasi unachojaza, hata ladha inayobaki mdomoni. Humohumo ndimo majibu yalimo.

Nikilirudia swali lako kwa maneno yangu: kahawa ni moja, mashine ni moja, mkono ni mmoja, lakini kikombe hakifanani wiki hadi wiki, na sasa mashine imeanza kukugombanisha na wateja, na jirani, na nyumbani kwako. Mimi nasema usiiuze kwanza. Unakaanga kwa macho, na katika kazi hii macho hudanganya sana. Ukianza kukaanga kwa mzani, saa na sikio, sehemu kubwa ya tatizo itaondoka. Sehemu iliyobaki haiko kwenye mashine kabisa: iko stoo, iko kwenye maji yetu ya Dodoma, na iko kwenye haraka ya kutumia kahawa kabla haijapumzika.

Tuanze na ushauri wa yule jamaa, kwa sababu ndio uliokupotezea wateja.

Imani kwamba kahawa nyeusi ndiyo kahawa kali ina chanzo chake. Wengi wetu kahawa tumeijulia kijiweni: dele juu ya mkaa, vikombe vidogo, kashata pembeni, wazee wanabishana siasa na mpira. Kahawa ile hukaangwa sana, hutwangwa, huchemka muda mrefu, wengine hutia tangawizi. Ni kahawa nzuri kwa namna yake na naiheshimu. Uchungu wake ndio unaotafutwa, na kashata ipo kuupoza. Ila uchungu ule si nguvu. Kinachomwamsha mtu ni kafeini, na kafeini haiongezeki kwa kukaanga. Hubaki karibu ileile, kahawa iwe ya hudhurungi au nyeusi tii. Kinachoamua kiasi chake ni aina ya mbuni, yaani mti wa kahawa. Robusta ya Bukoba ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya Mbozi, Mbinga au Kilimanjaro. Kwa hiyo mteja anayetaka kahawa ya kumkurupusha, mchanganyie robusta safi kidogo, sehemu moja kwa tisa za arabika, au hata moja kwa nne. Itampa uzito mdomoni, itampa povu zuri juu ya espreso, na haitamezwa na maziwa kwenye kapuchino. Arabika yako ya Mbozi usiiunguze kwa ajili yake.

Na yale mafuta yanayong'aa yasikudanganye. Mafuta yamo ndani ya kila punje, na ndani ndiko yanakotakiwa kukaa, kwa sababu yanashika harufu. Ukikaanga kupita kiasi kuta za punje huvunjika, mafuta hutokeza nje, yakutane na hewa na joto, na baada ya siku chache huanza kuchacha. Hapo kahawa inapata harufu ya mafuta yaliyokaa kwenye kikaango tangu wiki iliyopita. Yanaganda pia kwenye mashine ya kusagia, ukiweka kahawa nzuri nayo inachafuka. Kama uliwahi kusaga zile nyeusi, fungua mashine, piga brashi visu vyake na futa njia yote ya unga kabla ya kuhukumu kahawa nyingine yoyote.

Sasa tuingie ndani ya punje, kwa sababu ukielewa kinachotokea mle hutahitaji tena kuuliza mtu ikaangwe mpaka wapi.

Kahawa mbichi iliyokaushwa vizuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukiimwaga kwenye pipa la moto, dakika za mwanzo kazi yote ni kuufukuza unyevu huo. Rangi inatoka kijani kwenda manjano, na harufu ni ya majani makavu. Ikishapita hapo, sukari na protini zilizomo ndani huanza kuungana kwa joto, na hapo ndipo hudhurungi huzaliwa pamoja na harufu tunayoiita ya kahawa. Wakati huohuo mvuke na gesi vinajikusanya ndani ya punje mpaka inashindwa kuvizuia. Joto la punje likifika karibu nyuzi 196 utazisikia zinalia: ta, ta, kisha ta-ta-ta mfululizo. Huo ndio mlio wa kwanza, na kabla yake huna kahawa ya kunyweka. Ukiendelea na moto kunakuwa na kimya kifupi, halafu karibu na nyuzi 224 unakuja mlio wa pili, mwembamba na wa harakaharaka, wa vitu vidogo vinavyokatika. Kuanzia hapo unachokaanga ni kuta za punje zenyewe. Ladha ya Mbozi inakwisha, inabaki ladha ya kuungua tu, ambayo kahawa yoyote ya mahali popote inaweza kuitoa. Jivu lako linatoka huko.

Uchachu unahitaji kuutazama kwa makini zaidi, kwa sababu uko wa aina mbili. Arabika ya nyanda zetu za juu ina uchachu wake wa asili, wa tunda lililoiva, unaokuja na utamu. Huo ndio unaolipiwa bei na hutaki kuuondoa wote. Wa kwako ni wa aina nyingine: umeniambia unaacha ukakasi. Ukakasi ni dalili ya ubichi. Nje ya punje kumeiva, katikati bado. Ndiyo yaleyale ya andazi lililotumbukizwa kwenye mafuta ya moto kupita kiasi: nje limependeza, ukilimega unakuta unga. Ndiyo maana unaona rangi ileile na unapata vikombe viwili tofauti. Rangi ya nje haikuambii kitu kuhusu ndani. Fanya jaribio hili leo. Chukua punje kiganja kimoja kutoka mkupuo uliokuwa mchachu, kaza macho kwenye rangi ya nje, kisha zisage na umwage unga pembeni ya punje nzima. Unga ukionekana mweupe zaidi kwa kiasi cha kushtua, moto wako ulikuwa mkali mno mwanzoni au uliitoa kahawa mapema mno baada ya mlio wa kwanza. Tafuna na punje moja: iliyoiva vizuri huvunjika kwa urahisi, mbichi ya ndani inakataa kidogo chini ya jino.

Kwa nini basi wiki moja hivi na nyingine vile? Nimehesabu sababu kwenye maelezo yako mwenyewe.

Ya kwanza ni upepo. Unakaanga mchana, barazani, Dodoma. Anayeishi hapa anajua upepo wa Julai mpaka Septemba unavyopekecha vumbi. Moto wa gesi chini ya pipa unalala upande, sehemu ya joto inakwenda zake, na hewa inayovutwa kupita ndani ya pipa nayo inabadilika. Jumamosi tulivu, kiwango kilekile cha gesi kinakuunguzia. Jumamosi ya upepo, kinakuchelewesha, unaongeza moto kwa hasira, nje inakimbia na ndani inabaki.

Ya pili ni kujaza kilo nzima. Mashine ikiandikwa kilo moja, huo ndio ukomo wake, na mashine ndogo za namna hiyo hazina akiba ya joto ya kubeba ukomo. Punje zilizojaa hazirukiruki vizuri, nyingine zinakaa kwenye chuma muda mrefu na kupata madoa meusi. Weka gramu 700. Utakaanga mikupuo sita badala ya minne, lakini utapata kitu cha kuuza.

Ya tatu watu wengi hawaifikirii. Mkupuo wa kwanza unaingia kwenye chuma ambacho hakijashika joto sawasawa, hata kama kipimajoto kinasema tayari. Mkupuo wa tatu unaingia kwenye chuma kilichoshiba moto. Ukiweka gesi ileile na dakika zilezile, wa kwanza utakuwa mbichi na wa tatu umeungua, na ukizichanganya kwenye kopo moja, kila kikombe ni bahati nasibu. Washa mashine tupu kwa moto mdogo nusu saa kabla. Kisha chagua nyuzi moja ya kuanzia, sema 190 kwenye kipimajoto chako, na kila mkupuo uingie pale pale: joto likiwa chini subiri lipande, likiwa juu zima gesi lishuke. Namba za kipimajoto chako usizilinganishe na za mtu mwingine, wala na hizo 196 na 224 nilizotaja, kwa sababu kwenye kila mashine kimewekwa mahali pake na husoma kivyake. Muhimu ni kwamba chako kijilinganishe na chenyewe.

Baada ya hapo nunua daftari na mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Kwa kila mkupuo andika: nyuzi ulizoanzia, gramu zilizoingia, dakika ilipogeuka manjano, dakika ya mlio wa kwanza, dakika uliyoitoa, gramu zilizotoka. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mzani hauna macho ya kuchoka. Zikiingia gramu 700 zikatoka 595, umepoteza 105, yaani asilimia 15. Asilimia 13 au 14 ni kahawa nyepesi, yenye uchachu wa wazi, inayofaa zaidi kuchuja. Asilimia 15 hadi 16 ndiyo ningekushauri wewe, kwa espreso na kwa vinywaji vya maziwa. Ukivuka 18 umeshafika kwa yule jamaa. Kwa mashine kama yako na gramu 700, lenga jumla ya dakika 10 hadi 12, na kati ya hizo, dakika moja na nusu hadi mbili na nusu ziwe baada ya mlio wa kwanza kuanza. Moto mkubwa uweke mwanzoni kiasi, punguza kabla mlio haujaanza, usizime. Ukizima kabisa kahawa inakwama, inatoka butu, haina chachu wala tamu, kama ladha ya karatasi. Ukiitoa, iwe imepoa ndani ya dakika nne, isiendelee kujikaanga yenyewe kwenye sinia.

Na hamisha kazi kutoka mchana kwenda alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi hapa upepo bado umelala na hewa ni baridi ileile takriban kila wiki. Hili peke yake litakupa tofauti kubwa kuliko mashine mpya.

Sasa gunia. Umeliweka chini ya bati, mwaka umefika au unakaribia. Hewa ya Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba ni kavu mno, na mchana chini ya bati panakuwa tanuri. Kahawa iliyokwisha kukobolewa haina tena ganda la kuilinda; gunia la katani linapitisha hewa, unyevu unashuka chini ya asilimia 10, na kahawa inapauka. Punje kavu hukimbia kwenye moto kuliko zenye unyevu wake, kwa hiyo hesabu zako za mwezi wa kumi hazifai tena mwezi wa saba. Ladha nayo inafifia, inaanza kuwa na harufu ya gunia. Dawa yake unaijua tayari kama una ndugu wanaolima: ile mifuko migumu isiyopitisha hewa ambayo watu wa Kibaigwa na Kongwa wanahifadhia mahindi. Gawa gunia kwenye mifuko midogo, kamua hewa, funga kwa kamba, weka chumba chenye dari, juu ya mbao, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Safari ijayo usinunue gunia zima kama huwezi kulimaliza kwa miezi sita. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Mbozi huvuna takriban kuanzia katikati ya mwaka, kwa hiyo kahawa mpya haiwezi kukufikia Machi, yeyote atakayekuambia hivyo anakuuzia ya zamani. Na ukumbuke, gunia jipya ni ukurasa mpya wa daftari. Kwa kuwa lina unyevu zaidi, litapoteza uzito zaidi hata likikaangwa sawasawa. Usililinganishe na la zamani.

Povu la siku ya kwanza ni jambo la kawaida kabisa na halina uhusiano na ufundi wako. Kukaanga kunaacha hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi ndani ya punje, na inatoka polepole kwa siku kadhaa. Ukisaga mapema ukapitisha maji kwa nguvu ya mashine ya espreso, hewa ile inalipuka yote pamoja, inayasukuma maji pembeni, yanapita bila kuchukua utamu. Unapata povu refu na maji makali chini yake. Kwa espreso subiri siku 7, na kama umeikaanga nyepesi, hata 10. Kwa ya kuchuja au ya kuchemsha siku 3 zinatosha. Iweke kwenye mfuko wenye kile kitundu kinachotoa hewa nje bila kuiingiza ndani, ikiwa punje nzima, na uitumie ndani ya mwezi. Kusaga ni pale mteja anapoagiza. Ukishaizoea ratiba hiyo, Jumamosi utakuwa unakaanga ya wiki ijayo, si ya Jumapili. Kipimo cha kuanzia kwenye espreso: gramu 18 za unga, gramu 36 za kinywaji, sekunde 25 hadi 30. Ikitoka haraka saga laini zaidi, ikichelewa saga kubwa kidogo. Usibadilishe ukaangaji mpaka umejiridhisha na usagaji.

Maji sasa, na hapa naomba uvumilivu, maana ndipo watu wengi wa mji huu wanaposingizia mashine. Mji wetu unategemea sana maji ya ardhini, mengi kutoka visima vya Makutupora, na mitaani kuna visima vya watu binafsi ambavyo vingine vina chumvi ya kuonjeka. Unajua dalili: sabuni haitoi povu, na birika linajenga ukoko mweupe. Madini yale yanayojenga ukoko yanaua uchachu mzuri wa kahawa, inabaki butu na chungu hata kama imekaangwa vizuri. Chumvi nayo inaongeza ladha yake. Ndiyo sababu unaweza kunywa kahawa nzuri Moshi, ukaipika nyumbani ladha isirudi. Jaribu hivi: andaa vikombe viwili vya kahawa ileile, gramu 11 za unga kwa mililita 200 za maji, kimoja kwa maji unayotumia siku zote, kingine kwa maji ya chupa. Mwagia, acha dakika nne, koroga juu mara moja, ondoa povu, kikipoa kidogo onja kwa kijiko. Tofauti ikiwa kubwa, umepata mkosaji mmoja na hajakaa kwenye pipa. Ukoko ule pia unaziba mashine ya espreso, na kuifungua ni gharama, kwa hiyo kichujio cha kulainisha maji kinajilipa. Usiende kwenye maji yaliyosafishwa mpaka hayana madini kabisa. Hayo nayo hutoa kahawa isiyo na uhai. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, uonje, urekebishe.

Kuhusu joto la maji una bahati. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji hapa huchemka karibu nyuzi 96, siyo 100. Kwa hiyo yale maonyo ya kusubiri maji yapoe kabla ya kumwagia kahawa hayakuhusu sana. Yakichemka, mwaga.

Mama jirani ana haki, na hili nisingependa ulichukulie kama ugomvi wa mtaa. Moshi wa kukaangia una chembechembe na gesi zisizofaa kuvutwa na mtu yeyote, seuze mtoto. Funga kitambaa chepesi kwenye mti mrefu utazame siku kadhaa upepo unaelekea wapi alfajiri na mchana. Kisha weka bomba la moshi la bati linalopanda kupita paa lako na la kwake, lisiishie dirishani. Ukikaanga ukatoa kabla ya mlio wa pili, moshi utapungua sana, kwa sababu mwingi hutoka kuanzia pale. Mpelekee ratiba: siku gani, saa ngapi, muda gani, ili afunge dirisha. Kama baada ya bomba bado unamfikia, hamisha mashine. Kwenye hilo sina njia ya katikati.

Kwa usalama wako: usiihamishie ndani kukimbia upepo. Kinga upepo kwa bati pande mbili, pande nyingine ziwe wazi. Gesi inayoungua vibaya, na hata kahawa yenyewe iliyotoka kukaangwa, hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Usilaze kahawa mpya iliyo wazi kwenye chumba anacholala mtu. Ukihisi kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati unakaanga, zima, toka nje, na kama havipungui haraka nenda hospitali useme wazi ulikuwa kwenye gesi. Yale maganda mepesi yanayopeperuka hushika moto upesi, kwa hiyo mwaga sinia lake kila baada ya mkupuo. Moto ukiwaka ndani ya pipa, funga gesi, acha pipa likiwa limefungwa na linazunguka, usiimwage kahawa nje kwa sababu utaupa moto hewa. Weka kizimamoto cha unga karibu na njia ya kutokea, na namba ya zimamoto, 114, iwe ukutani. Mpira wa gesi na kidhibiti vikaguliwe na fundi wa gesi ana kwa ana. Hilo halielekezwi kwa maandishi.

Tuje kwenye hoja ya mume wako, ambayo ni ya fedha na ni ya haki. Kilo yako ni 14,000. Ukipoteza asilimia 16, kilo ya kahawa iliyokaangwa imekusimamia karibu 16,700, kabla ya gesi, mifuko na muda wako. Ukikaanga mpaka upoteze asilimia 20, imekuwa 17,500, na kwa gramu 18 kikombe kilo mbichi moja imekupa vikombe 44 badala ya 46. Weusi unakulia hata mtaji. Linganisha na bei unayouziwa iliyokaangwa, jumlisha na mikupuo unayoiharibu, kwa sababu kilo ikiharibika umepoteza vikombe 46 na labda mteja. Kama unauza chini ya kilo tatu au nne kwa wiki, kukaanga mwenyewe hakutakupa faida kubwa ya fedha. Kutakupa kahawa iliyokaangwa karibuni, yenye ladha, na harufu inayowavuta watu barabarani. Hiyo ni thamani halisi, ila ijue ndivyo ilivyo. Kwa mwezi huu mmoja ningenunua iliyokaangwa kwa ajili ya espreso ya asubuhi, wateja wa Mtumba wasiteseke, na yako ningeitumia kwa kahawa ya kuchuja jioni huku unajifunza.

Ukitaka mtu aionje kahawa yako mbichi akuambie kama shida ilianza shambani, Bodi ya Kahawa iliyopo Moshi ina waonjaji wa kazi hiyo, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko Lyamungo, wilayani Hai. Waulize Bodi pia kuhusu usajili wa mkaangaji. Ukianza kufungasha na kupeleka madukani, usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), nenda ofisini kwao kabla hujachapa lebo.

Mpaka wa kuuza mashine niuweke wazi, mkubaliane nyumbani. Kaanga gunia lililobaki kwa utaratibu huu: gramu 700, alfajiri, nyuzi moja ya kuanzia, daftari. Uzito unaopotea ukianza kutofautiana kwa si zaidi ya asilimia moja mkupuo kwa mkupuo, na vikombe vikafanana kwa wiki nne, baki na mashine na uwaite wale wateja wawili waonje bure. Gunia likiisha na namba bado zinaruka, mashine ina kasoro ya moto au ya pipa. Itazamwe na fundi aliyezoea mashine za namna hiyo, na akishindwa, iuze.